Kulwa Hajaambiwa

Mvua ya mawe ilianza saa tisa mchana, siku ya Jumanne, mwezi wa tatu mwaka tisini na nane, ule mwaka wa mvua ambazo redio iliziita El Niño na sisi Mkolani tukaziita Elinino, kama jina la mtu mkorofi. Nilikuwa kwenye jiwe langu. Tangu kiwanda cha kuchambua pamba kilipouzwa na sisi wabebaji tukapunguzwa, nilikuwa napasua kokoto. Kazi yenyewe haina siri. Unatafuta mwamba, unaukokea moto wa matairi chakavu mpaka upate joto, kisha unaupiga nyundo, nao unafunguka tabaka kwa tabaka. Siku hiyo jiwe lilikuwa limeshika moto vizuri. Vipande vya kwanza vya barafu vilipoligusa lilipasuka lenyewe, mlio kama wa bunduki. Nikatupa nyundo nikakimbia.

Sikukimbia mawe. Nilikuwa namkimbilia Doto.

Doto ni binti yangu, wakati ule ana miaka tisa. Pacha wake alikuwa Kulwa, mvulana, ndiye aliyetangulia kutoka. Kwetu Wasukuma pacha hawatafutiwi majina. Wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, basi. Na wazazi nao wanapoteza majina yao siku hiyo hiyo. Mimi ni Maige, lakini Mkolani hakuna anayemjua Maige. Mimi ni Baba Kulwa. Mke wangu Paskazia ni Mama Kulwa. Hata muuza mkaa anatuita hivyo.

Kulwa alikufa mwezi wa kumi na mbili, Misungwi, kwa mama yangu. Alikwenda likizo. Doto alibaki kwa sababu alikuwa ameungua mguu kwa uji. Hawakuwa wamewahi kulala mbalimbali hata siku moja. Malaria ilimpanda Kulwa kichwani, mto umejaa, gari hazipiti. Habari zilinifikia kesho yake. Nilitembea kutwa, nikavuka maji ya kiuno, nikafika kaburi limeshachimbwa.

Mama yangu, Ng'washi, alinishika mkono pale pale kaburini.

"Maige, sikia. Pacha haambiwi kwamba mwenzake amekufa. Akiambiwa, anamfuata. Mwambieni ameenda mbugani kuchunga. Na asilie mtu, si wewe, si mkeo, mpaka mtama uvunwe."

Mimi nimebatizwa, nimefunga ndoa kanisani. Lakini nilikuwa nimebakiwa na mtoto mmoja, na mtu mwenye mtoto mmoja hambishii mama yake.

Tulirudi Mkolani pamoja, mama na mimi, yeye akiwa amekuja kulinda hilo neno lake. Majirani wakaonywa. Walikuja kutupa pole nyuma ya choo, kwa kunong'ona, kama watu wanaouziana gongo. Paskazia hakulia. Aliendelea kuamka alfajiri, kwenda kununua mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishakwenda Ulaya, kuyakaanga na kuyauza sokoni Igogo. Moshi wa mafuta ulimpa sababu ya macho mekundu. Ila usiku alikuwa anang'ata mto, mpaka kitambaa kikatoboka.

Doto aliuliza maswali yake siku ya kwanza.

"Anachunga ng'ombe wa nani?"

"Wa babu mdogo."

"Atarudi lini?"

"Mtama ukivunwa."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza tena. Aliomba kitu kimoja tu, taa ya nje iwashwe. Umeme wetu ulikuwa waya tuliovutiwa na jirani yetu Venant, fundi redio, balbu moja ndani na moja barazani. Ile ya barazani tulikuwa tunaiwasha kukiwa na mgeni tu. Doto akasema Kulwa akirudi jioni hataitambua nyumba, maana aliiacha haijapakwa chokaa. Basi ikawa inawaka kila siku, kuanzia jua likizama mpaka kunakucha. Venant alinung'unika siku mbili, ya tatu akanyamaza.

Kuanzia mwezi wa pili Doto akaanza kwisha. Ukimpa chakula anakula nusu, nusu anaifunika. Mashavu yakaingia ndani, shingo ikawa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Hospitali walipima damu, wakapima choo, hawakuona kitu. Alipoanza kuanguka njiani tukamwachisha shule.

"Mmeona?" mama akasema. "Anaitwa."

"Haitwi," Paskazia akamjibu. Hakuwa na desturi ya kumjibu mkwewe. "Anasubiri. Mtoto anayesubiri hivi atakufa akisubiri."

Nikawaambia wote wawili wanyamaze. Ndilo jambo nililoliweza.

Jioni moja nilimkuta Doto barazani, chini ya balbu, anacheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Kulwa anasema huko hakuna jogoo. Hajui asubuhi inakuja saa ngapi."

Niliingia ndani nikakaa kitandani na viatu miguuni.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani nikikimbia kutoka kwenye jiwe. Barafu ilikuwa inanipiga mabegani, kwanza kama punje za mahindi, baadaye kama limau. Kuku wa Venant walikuwa wamelala njiani, wengine bado wanapiga mbawa. Mawingu yalishuka mpaka juu ya miamba, giza la saa moja jioni likaingia saa tisa mchana. Nilipofika kwangu, taa ya barazani ilikuwa inawaka. Doto alikuwa ameshaiwasha.

Nikaingia, nikaegemeza mlango kwa mgongo. Paskazia alikuwa anasogeza kitanda mahali pasipovuja. Mama alikuwa ametupa shoka uani, kama wazee wanavyofanya kuikata mvua ya mawe. Mvua haikukatika. Mabati yalikuwa yanapigwa kwa nguvu hivi kwamba tulikuwa tunaonana midomo inacheza, na kusikilizana ni mpaka mtu apige kelele.

Ndipo waya ukakatika. Tulisikia mlio wake ukipiga ukuta, na balbu zote mbili zikazimika.

"Taa!" Doto alipiga kelele. "Baba, taa!"

"Umeme umekatika. Tulia."

"Yuko njiani! Alikuwa ameshafika pale kwa muuza mkaa!"

Paskazia aliwasha koroboi ya mafuta ya taa. Kwenye mwanga ule nikamuona mtoto amesimama wima, yeye ambaye wiki nzima alikuwa hawezi kutoka kitandani bila kushikwa mkono. Alimnyang'anya mama yake koroboi akaja nayo mlangoni.

"Nipishe."

"Huendi mahali. Hayo mawe yanaua kuku."

"Nipishe, baba. Anagonga."

Mlango ulikuwa unagongwa, ni kweli. Mawe yalikuwa yanakuja na upepo, yanapiga ubao nyuma ya mgongo wangu. Lakini yale ya juu yalikuwa yanapiga ovyo ovyo, na haya ya chini, usawa wa makalio yangu, yalikuwa yanapiga mara tatu, yanaacha, mara tatu, yanaacha. Sisemi zaidi ya hapo. Nasema nilivyoyasikia kwa mgongo.

Doto akajaribu kupita chini ya mkono wangu. Nikamshika. Akaning'ata kifundo cha mkono mpaka damu ikatoka, na koroboi ikaanguka ikazimika. Tukawa gizani, mimi namshika, yeye anavuta kitasa, na nguvu alizokuwa nazo si za mtoto aliyekuwa anakula nusu sahani. Nilihisi mbavu zake zikigonga ndani, upesi upesi, nikajua kwamba nikimwachia atatoka apigwe mawe afe, na nikimshika hivi moyo wake utasimama mikononi mwangu.

"Mwambie!" Paskazia alinipigia kelele sikioni. "Mwambie sasa hivi!"

"Thubutu!" Sauti ya mama ilitoka kwenye pembe ya chumba. "Ukimwambia utazika wawili!"

"Mama Kulwa, nyamaza kwanza," nikasema.

"Usiniite hivyo!" Alinipiga ngumi kifuani. "Miezi mitatu mnaniita hivyo na mimi naitika. Niite Paskazia au usiniite kabisa. Mwambie mtoto!"

Mimi ni mtu wa maneno machache na huwa nayasema kama yalivyo. Nimegombana na wasimamizi kiwandani kwa sababu hiyo, na mkuu wa shule aliponifukuza darasa la nne sababu ilikuwa hiyo hiyo. Lakini neno lile lilikuwa limekaa kooni miezi mitatu, nikalitoa kama mtu anayetapika mfupa.

"Doto. Kulwa amekufa. Alikufa mwezi wa kumi na mbili, kwa bibi, kwa malaria. Nimemzika mimi. Hakuna ng'ombe anaowachunga."

Akaacha kuvuta. Nikamsubiri aanguke. Mkono wangu ulikuwa kifuani kwake nikisikiliza kama panaendelea kugonga. Paliendelea.

"Najua," akasema.

Sikumsikia vizuri kwa ajili ya mabati. Nikainama. Akalirudia sikioni mwangu, kwa subira, kama anayemwelekeza mtu mgeni njia.

"Najua, baba. Winnie wa Venant aliniambia shuleni mwezi wa kwanza. Yeye ndiye hajui. Hajaambiwa na mtu. Kila siku anakuja anauliza kwa nini hamumfungulii. Mimi nikimwambia, anasema nadanganya. Mwambie yeye."

Paskazia alikuwa ameiokota koroboi, akaiwasha tena. Mama alikuwa ameshakaa chini kwenye sakafu yenye maji. Akasema kwa nguvu, bila kumtazama mtu:

"Mimi ndiye niliyempakata. Alikuwa anauliza, baba amefika? Baba amefika? Nikamwambia lala, mjukuu wangu. Baba yako anakuja kesho, usitoke mpaka afike." Akajifuta uso kwa khanga. "Akalala. Sikumwambia kitu kingine."

Hapo nikaelewa alikuwa anangoja nini mlangoni. Maana nilifika kesho yake kweli. Nilifika, nikashika koleo kama wengine, nikafukia. Sikumsemesha. Nilikuwa nimekatazwa kulia, na nilijua nikifungua mdomo kitakachotoka ni kilio, kwa hiyo sikumwambia mwanangu hata kwamba nimefika.

Nikafungua mlango.

Barafu iliingia ikibingirika mpaka chini ya meza. Ua wote ulikuwa mweupe. Nimefanya kazi kwenye pamba miaka kumi na moja na sikuona mahali palipokuwa peupe namna ile. Hakukuwa na mtu. Nikasema, "Kulwa, umekufa," na sauti yangu ikapotea kwenye mabati kabla haijavuka baraza.

"Hasikii," Doto akasema nyuma yangu. "Amerudi nyuma alipokuona umekasirika. Mfuate."

Nikachukua karai ambalo Paskazia analoshea samaki, nikalifunika kichwani, nikatoka. Chini ya karai mlio ulikuwa wa kuvunja masikio. Nikasimama katikati ya ua, nikainamisha uso kwenye usawa wa mtoto wa miaka tisa, nikaongea.

Nilimwambia yote. Kwamba ilikuwa malaria, ile mbaya ya kichwani, si kosa la bibi wala si kosa lake kucheza kwenye maji. Kwamba habari zilichelewa, mto ukajaa, nikavuka. "Nilikuja," nikamwambia. "Nilikuja kama ulivyoahidiwa, ila nilichelewa, nikakukuta umefungwa shuka la bluu. Mimi ndiye niliyekufukia. Ilikuwa ni mimi, si mtu mwingine." Nikamwambia mama yake hajalia kwa sababu amekatazwa, si kwa sababu hakumtaka. Nikamwambia, "Hatukufungulii kwa sababu umekufa, mwanangu. Mlango huu si wako tena."

Lile lilikuwa neno gumu. Lakini mtu akishafika mpaka hapo hawezi kulipunguza.

Barafu iliendelea kunyesha. Nikasikia sauti ya Doto kutoka mlangoni.

"Baba! Anauliza, sasa aende wapi?"

Hilo hakuna aliyenifundisha. Si katekista, si mama. Mwishowe nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angemfanyia mgeni anayeondoka. Nikanyoosha mkono wa kushoto, nikasema, "Twende nikusindikize."

Kutoka kwangu mpaka barabara kubwa ya Misungwi ni mwendo wa dakika kumi. Nilitumia karibu saa nzima. Barafu ilikuwa inateleza, na nilikuwa nafuata hatua fupi. Nilipita kwa muuza mkaa, amejibanza chini ya meza yake, akanitazama napita. Mkono wa kushoto niliuacha wazi, nje ya karai. Mawe yalikuwa yanaupiga wa kulia niliokuwa nimeshikia karai, kwenye vidole, mpaka ukucha mmoja ukang'oka. Wa kushoto haukupigwa hata mara moja.

Tuliongea njiani. Yaani mimi niliongea. Nilimweleza habari za jiwe langu. Nikamwambia Winnie amepata namba nne darasani. Nikamwambia mdomo wa Venant ni ule ule. Ni maneno ya kawaida tu. Unapomsindikiza mgeni husemi mambo makubwa, makubwa yanakuwa yameshaisha nyumbani.

Barabarani magari yalikuwa yamesimama. Basi moja la kwenda Shinyanga lilikuwa limevunjika kioo cha mbele, abiria wamejificha chini ya viti. Kondakta alifungua dirisha la pembeni.

"Mzee! Utakufa! Unaongea na nani?"

"Na mwanangu."

Akanitazama. Halafu akatazama upande wangu wa kushoto, chini kidogo. Akafunga dirisha, na nyuma ya kioo nikamuona anafanya ishara ya msalaba.

Nikavuka na kusimama kwenye ukingo wa lami, upande wa kusini. Desturi inasema msindikizaji hafiki anakokwenda mgeni. Anaishia njia panda. Nikamwambia, "Ni hii. Inyooke hivi hivi, usiingie kwa watu. Ukivuka mto utaona miiba ya zizi la babu yako. Wewe uko upande wa kushoto wa zizi, kwenye kichuguu kidogo. Babu yako naye yuko pale. Mwambie wewe ni wa Maige." Nikangoja kidogo. "Usirudi kwa Doto. Yeye bado ana kazi huku."

Nikaachia mkono. Sijui niliachia nini. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, ilibidi nivikunjue kimoja kimoja kwa mkono mwingine.

Nikageuka kwenda nyumbani na sikuangalia nyuma. Nyuma yangu nilisikia mlio juu ya barafu, ule mlio wa mtu anayetembea juu ya makapi ya mtama. Inawezekana ni abiria aliyeshuka. Nilitaka sana kugeuka. Shingo yangu ilikuwa inauma kwa kutaka.

Nilipofika kwa muuza mkaa, mawe yalikuwa yameisha, inanyesha mvua tu. Nikasikia kilio kabla sijaiona nyumba. Alikuwa Paskazia, kilio cha siku ya kwanza, kile ambacho mtu anakipiga bila kujua nguo yake imekaaje. Na mama yangu alikuwa anamwitikia. Majirani walikuwa wanakuja kutoka kila upande, wamejifunika masufuria na masinia, wanakanyaga barafu kwa ndala. Venant alikuwa ameshatoa viti vyake vya fundi na kuvipanga barazani kwangu, kwenye giza, anafagia mawe ya barafu kwa mguu. Hakuna aliyeuliza amekufa nani.

Doto alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulimwacha wapi?"

"Barabarani. Upande wa kwenda Misungwi."

"Aligeuka?"

"Sijui. Mimi sikugeuka."

Alinitazama, macho makubwa kwenye uso ule mdogo. Akatazama barabara nyuma yangu. Akasikiliza. Midomo yake ilifunguka kidogo kama anayetaka kumwita mtu, kisha ikaanza kutetemeka, na nikamuona, mbele ya macho yangu, akiwa peke yake kwa mara ya kwanza.

Aliingia ndani, akajipenyeza katikati ya mama yake na bibi yake, akalia kama mtoto yeyote aliyefiwa. Mama yangu hakumkataza. Nilisikiliza mpaka nikahakikisha kwamba akikata pumzi anairudisha, kisha nikatoka nikaenda kukaa na wanaume.